Muulize Mjomba: Nilimwekea mwalimu Windows ya kraki, sasa tasnifu yake imefungwa

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27, nina fremu yangu ya steshenari hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Natoa fotokopi, napiga pasipoti saizi, nachapa barua za kuomba kazi, na pia ni fundi wa kompyuta. Ufundi sikuusomea darasani. Nilijifunza kwa kaka mmoja aliyekuwa na fremu jirani. Alipohamia Dodoma akaniachia flashi yake ya GB 64, na hiyo flashi ndiyo iliyonilisha miaka minne. Ina Windows, ina Office, ina programu za studio, na ina kile kidude cha kuamilisha, yaani kuifanya Windows ijione imelipiwa. Mteja akileta laptopu nazima Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza ili isikifute kidude, napiga Windows, naweka Office, nabonyeza kitufe chekundu, basi. Elfu ishirini.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja, mwalimu wa sekondari, ambaye anasoma shahada ya uzamili wikiendi. Alikuwa amenunua laptopu ya mtumba, zile zinazotoka Dubai. Ilikuwa nzima, ina Windows 10 Home, ila haina Office. Nikamwambia nimpigie Pro kabisa, maana Pro ni bora. Sikumwambia kwamba ni ya kraki, isiyolipiwa leseni. Kusema ukweli Mjomba, sijawahi kumwambia mteja yeyote, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwezi wa tisa akarudi. Kuna maandishi yametokea kwenye pembe ya skrini yakimtaka aamilishe Windows. Kidude changu cha zamani kikagoma, nikaingia intaneti nikapakua kingine, cha kwanza kilichotokea. Nikazima Defender, nikakibonyeza. Kikatokea kidirisha kinasema Windows inajisasisha, nikamwambia aondoke nayo, ikimaliza itakuwa sawa.

Asubuhi yake nilimkuta mlangoni kabla sijafungua. Mafaili yake yote yameongezewa herufi nne mkiani, hakuna linalofunguka. Kila folda ina karatasi inaitwa _readme.txt, ya Kiingereza, inadai dola 980, na ukiwahi ndani ya saa 72 unalipa nusu, dola 490. Sura nne za tasnifu yake zimo humo, na maksi za kidato cha nne. Anataka nimpe milioni moja na laki tatu akawalipe hao watu, au aende polisi. Laptopu ameniachia, iko hapa chini ya meza na ninaogopa hata kuiangalia.

Nyumbani ndiyo nimechanganyikiwa zaidi. Shemeji yangu anasema mimi sina kosa, nchi nzima inatumia kraki, hao wenye Windows ni matajiri hawajui hata kama Morogoro ipo, na kompyuta ukishainunua ni yako, nani akupangie cha kuweka? Baba yangu ni mzee wa kanisa. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hiyo sadaka uliyokuwa unatoa ni ya nini?" Akaondoka.

Mjomba, mimi ni mwizi? Na huyu mama namlipa nini?

Fundi wa Msamvu

*

Marahaba mpwa wangu.

Habari ya wizi tutaifikia. Kwanza hiyo laptopu iliyo chini ya meza. Usiiunganishe na intaneti, na usiipige Windows upya. Najua mkono unakuwasha, maana kwa mafundi wetu dawa ya kila ugonjwa ni kufomati, lakini ukifomati sasa utakuwa umemalizia kazi waliyoianza wale. Toa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, nakili mafaili yote kama yalivyo, yakiwa yamefungwa hivyo hivyo, uyaweke kwenye diski ya pembeni. Weka na ile karatasi ya _readme.

Mhalifu uliyemweleza namfahamu. Kidirisha cha uongo cha kusasisha, herufi nne mkiani, dola 980 na nusu yake kwa saa 72: huyo ni kirusi aitwaye STOP, wengine humwita Djvu. Hana habari na mabenki. Usafiri wake mkubwa ni hizi hizi kraki na vidude vya kuamilisha, kwa hiyo wanaoumwa naye ni wanafunzi, walimu na mafundi wa fremu. Kile kidirisha kilichosema Windows inajisasisha kiliwekwa pale ili ninyi wawili msubiri kwa utulivu wakati mafaili yanafungwa.

Sasa tafuta ndani ya diski hiyo, sehemu iliyokuwa C, folda inayoitwa SystemID. Humo kuna faili la PersonalID. Lifungue usome namba iliyomo, hasa mwisho wake. Kirusi hiki kikipata intaneti huchukua kwa mabwana zake ufunguo wa pekee kwa ajili ya kompyuta ile tu. Kikiwakosa, hutumia ufunguo kilioubeba tumboni, na huo ni mmoja kwa kila aliyeumwa na toleo lile kwa namna ile. Namba ikiishia na t1, kwa kawaida ni huo wa tumboni, na hapo kuna tumaini: kampuni ya Emsisoft inatoa bure, tangu 2019, programu ya kufungua mafaili ya STOP, ikiwa ufunguo wa toleo lenu umeshapatikana. Kama haujapatikana, tunza ile nakala, jaribu tena baada ya miezi kadhaa. Isipoishia na t1, mpwa wangu, usipoteze nauli kwenda Kariakoo. Atakayekuambia anafungua kwa laki mbili anakuongopea.

Kuna jambo jingine dogo lenye faida. STOP hufunga mwanzo tu wa kila faili, kama kilobaiti 150 hivi. Kwa faili la Word hapo roho imeshatoka. Lakini kama mama alikuwa na faili kubwa la zipu, au video za usaili wa utafiti wake, mengi ya ndani bado ni mazima na yanaweza kuokolewa.

Kisha mwulize alimtumia msimamizi wake sura zipi kwa baruapepe. Mwanafunzi wa uzamili hukaa na sura nne bila kuzituma? Sidhani. Zitakuwa kwa msimamizi, nyingine kwenye WhatsApp ya mwenzake aliyeombwa asome, nyingine kwenye flashi ya siku ya kwenda kuchapa. Hata kompyuta yako mwenyewe hapo steshenari iangalie: aliwahi kuja kuchapa sura ya pili? Kwa uzoefu wangu tasnifu nyingi "zilizopotea" zimerudi kwa njia hii kuliko kwa programu yoyote. Maksi nazo, muulizeni mwalimu wa taaluma.

Dola 490 asiwalipe, wala wewe usimpe za kuwalipa. Ni kumwamini mtu aliyekuibia akurudishie kwa hiari baada ya kumpa na pesa.

Na leo hii, kwa simu yake au kompyuta nyingine, abadilishe nywila zote: baruapepe, benki, mifumo ya shule. Mara nyingi STOP huja na mwenzake ambaye kazi yake ni kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ukimweleza hilo atakasirika upya. Mweleze.

Haya, tuje kwa baba na shemeji.

Sheria iko upande wa baba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda programu ya kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine, kwa hiyo kunakili Office kwa elfu ishirini ni sawa na kumpigia mtu fotokopi kitabu kizima umuuzie. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, inatenganisha aliyefanya kwa biashara na asiyefanya kwa biashara, na wa biashara anabanwa zaidi. Wewe una fremu na bei. Shemeji, kama anacho kitu cha kraki, anacho nyumbani kwake. Ndiyo maana ana maneno mepesi. Mama akienda polisi kweli, usiandike maelezo yoyote kabla hujaongea na wakili.

Lakini shemeji nisimdharau, hoja yake ni ya zamani kuliko ninyi nyote wawili. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenda kompyuta wa Marekani akilalamika kwamba wanaitumia programu yake ya BASIC ya kompyuta za Altair bila kuilipia. Chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walioinunua, alisema. Miaka 22 baadaye, 1998, akiwa tajiri wa kutisha, aliwaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, kwamba kama Wachina lazima waibe programu, basi waibe za kwake, watazizoea, na kampuni itakuja kutafuta namna ya kukusanya huko mbele. Kwa hiyo shemeji akisema hawa wakubwa hawakuumia sana na kraki zetu, kuna kaukweli ndani yake. Kraki ndiyo iliyomfundisha kila karani wa Tanzania kwamba barua huandikwa kwa Word, na kitu kingine hakijui.

Hayo ni mambo kati yako na Gates. Mama Mwalimu anaingiaje? Yeye hakuiba kitu. Alikulipa akidhani ananunua kazi ya fundi, wewe ukampa mzigo usiojua umetoka kwa nani, ukazima mlinzi wa nyumba yake kwa mkono wako, hukumwambia. Kama angejua, pengine angesema "weka tu", wengi husema hivyo. Ila angeacha nakala mahali kabla hujabonyeza. Ukiniuliza wewe ni mwizi wa nani, kwangu mimi Microsoft wanakuja wa pili.

Na hili la "kompyuta ni yangu, nani anipangie" nalipenda, nimelipigania ujana wangu wote. Naungana na shemeji kuliko anavyodhani. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza CD ambazo ukiziweka kwenye kompyuta zilipandikiza programu ya kuzuia kunakili, na programu hiyo ikajificha ndani ya Windows isionekane hata kwa mwenye mashine. Mtaalamu mmoja, Mark Russinovich, aliigundua kwenye kompyuta yake mwenyewe mwezi Oktoba. Haukupita muda virusi vikaanza kujificha kwenye shimo hilo hilo, kampuni ikazirudisha CD zake na kuishia mahakamani. Angalia aliyeumia: aliyenunua CD halali dukani. Aliyenakili kwa jirani alikuwa salama. Basi usifikiri leseni peke yake inakupa enzi juu ya mashine yako.

Au tazama hizi laptopu za mtumba. Microsoft ilikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache zilizosamehewa. Laptopu ya kizazi cha 4, nzima, betri inakaa saa tatu, imeambiwa imezeeka na mtu aliye Redmond, makao makuu ya Microsoft. Hapo nami hukasirika. Ila nashangaa mtu anayekasirikia Redmond halafu anampa funguo zote za mashine mtu asiyemjua hata jina, kwa sababu tu kidude chake kina kitufe chekundu. Unakataa kupangiwa na kampuni yenye anwani na mahakama ya kuishtakia, unajikabidhi kwa asiyekuwa na hata sura?

Ningekuwa mkali zaidi kama usingeniambia laptopu ilikuja na Windows 10 Home inayofanya kazi. Hapo mpwa wangu nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows tangu zama za Windows 8 hubeba ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya bodi mama. Ukiweka toleo lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, kutoka kwenye faili la Microsoft wenyewe linalopakuliwa bure, ukiunganisha intaneti inajiamilisha yenyewe. Hakuna kidude. Mama alikuwa na Windows halali, ukaifuta ukampa ya wizi, ukamtoza elfu ishirini. Na yale maandishi ya mwezi wa tisa? Uamilishaji wa vidude hivi vingi hudumu siku 180. Hesabu kutoka Machi. Sijui ni fremu ngapi Morogoro zinafanya hivyo leo mchana, zikifuta leseni za wateja kwa bidii.

Sasa malipo. Milioni moja na laki tatu usimpe, kwa sababu niliyokwisha kusema: inakwenda kwa wezi. Mrudishie elfu ishirini zake za mwezi wa tatu na chochote alichotoa mwezi wa tisa. Gharama zote za kuokoa, diski ya pembeni, bando, nauli ya kumfuata msimamizi, ni zako. Sura zitakazokosekana zikiwa zipo kwenye karatasi, zichape wewe bila malipo, hata ikichukua usiku kumi. Una mashine na una vidole. Ikibaki sura ambayo haipo popote, hapo kuna deni ambalo siwezi kulipigia hesabu nikiwa mbali. Nenda na baba yako. Mzee wa kanisa akikaa pale na mwanawe akikiri mbele yake, mama atasema kiasi chenye ubinadamu, na utakilipa kidogo kidogo kwa maandishi.

Usimtume shemeji.

Kuhusu fremu, nitasema ninavyofanya mimi. Laptopu ikija, naangalia kwanza ilizaliwa na toleo gani, naliweka hilo. Haikuzaliwa na kitu, au ni kizee kilichofukuzwa na Windows 11, namwonyesha mteja Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, dakika kumi kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski. Wengine hukataa, wanaondoka, ndiyo biashara. Badala ya Office naweka LibreOffice. Ni mtoto wa OpenOffice, ile ambayo wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice. Nilikuwa nayo, nikiwatambia watu kwa menyu za Kiswahili. Nawaambia wateja kasoro zake pia: faili la Word lenye majedwali mengi huweza kuyumba, na Excel yenye makro za mhasibu usiijaribu kabisa. Huyo mhasibu anunue leseni, kazi yake inalipa. Mwanafunzi mwenye bando anaweza kutumia Word ya kwenye kivinjari, Microsoft wenyewe wanaitoa bure kwa mwenye akaunti. Bei yangu ni ile ile ya kazi, na kwenye risiti naandika nilichoweka.

Utapoteza wateja miezi ya mwanzo. Jirani yako atapiga kraki kwa elfu kumi na tano na watakuambia hivyo usoni.

Ile flashi ya GB 64 usiitupe kwa hasira, ni flashi nzuri. Ifomati, uweke Mint. Lakini hiyo ni kazi ya jioni. Kwanza fungua lile faili la PersonalID, uandike herufi mbili za mwisho kwenye karatasi, halafu mpigie mama kabla hajatoka kwenda shule.

Mjomba